Kampeni haitaki kujua unawaza nini, inataka kujua kama utatoka

#1 Karani Mstaafu
Wakuu habari zenu. Kila msimu wa uchaguzi ukikaribia naona humu watu wakisema kampeni za siku hizi "zinasoma akili" za wapiga kura. Umeongea jambo na rafiki yako, dakika tano baadaye mgombea anakutokea kwenye simu, basi, wameshaingia kichwani.

Mimi nimekaa miezi kadhaa kwenye chumba cha data cha kampeni moja. Sitaitaja, wala nchi sitaitaja, msihangaike kuniuliza. Nilichokiona mle hakifanani na hizo hadithi. Ni kazi ya ukarani, ya kuchosha macho, na mimi ndiyo iliyonitisha kuliko uchawi wowote.

Kampeni haihangaiki sana kujua unawaza nini. Inataka majibu mawili tu: siku hiyo utatoka? Na ukitoka, uko upande gani? Majibu yakishapatikana, unaingizwa kwenye foleni ya kutafutwa au unatolewa. Na sehemu kubwa ya kazi, nawaambia, ni kutoa watu kwenye foleni.

Nashusha kidogo kidogo, naandikia kwenye simu.

#2 Bwana Mashaka
Nimeweka kambi hapa mkuu. Shusha nondo.

#3 Karani Mstaafu
Msingi wa yote ni daftari la wapiga kura. Nchi hazilingani hapa. Kuna ambako chama kinapata majina na vituo tu, na kuna ambako kinapata karibu kila kitu. Marekani ndiyo inayotajwa sana kwa sababu daftari la huko linaonyesha jina, anwani, na chaguzi ulizoshiriki. Sio uliyempa kura, hiyo ni siri. Ila kwamba ulikwenda au hukwenda, hiyo si siri. Baadhi ya majimbo yanaweka hata chama ulichojiandikishia.

Juu ya daftari hilo ndipo vinashonwa viraka: namba za simu, waliosaini maombi ya pamoja, waliochangia pesa, waliofungua barua pepe na waliozifuta bila kusoma, majibu ya waliogongewa mlango. Kila mtu anakuwa mstari mmoja. Mwisho wa mstari kuna alama mbili, sifuri mpaka mia: ya kutoka na ya kutuunga mkono.

Sasa hesabu yake. Mwenye alama kubwa zote mbili hapotezewi muda kushawishiwa, anaombwa mchango na kujitolea. Anayetuunga mkono lakini alama yake ya kutoka ni ya katikati, leo anatoka kesho hatoki, huyo ndiye mali, anafuatwa mpaka siku ya mwisho. Anayetoka kila uchaguzi lakini yuko katikati, anapelekewa hoja. Waliobaki wanaachwa, na waliobaki ni wengi kuliko mnavyofikiri.

Mgonga milango anarudi na namba, moja hadi tano. Moja ni wetu damu, tano ni wa upinzani damu. Tatizo letu la kwanza lilikuwa adabu za watu. Ukimgongea mtu na kofia ya chama chako kichwani, anakwambia "nipo nanyi" ili uondoke. Wiki ya kwanza tulikuwa na "moja" nyingi kuliko tungeweza kushinda hata kwa ndoto. Bosi akafurahi. Mtu wa takwimu hakufurahi.

#4 Binti Swali
Samahani kaka, hapo sijaelewa. Mamilioni ya watu hawajagongewa mlango wala kupigiwa simu. Hiyo alama ya upande wanaipata wapi na kura ni siri?

#5 Karani Mstaafu
Dada umeuliza penyewe. Wanakisia kwa kufananisha. Wanapiga simu kwa watu elfu kadhaa waliochaguliwa kwa bahati nasibu, wanawauliza moja kwa moja. Kisha kompyuta inaangalia wale waliosema "ndiyo" wana nini cha pamoja: umri, mtaa, mara ngapi wamepiga kura, kama wanaishi na mtu aliyejiandikisha chama fulani. Halafu yeyote kwenye daftari anayefanana nao anapewa alama inayofanana na yao, hata kama hajawahi kuulizwa chochote maishani.

Kwa mtu mmoja mmoja inakosea vibaya. Kwa watu elfu kumi inakaribia sana. Ukichukua elfu kumi wenye alama 70, kama modeli, yaani hayo makisio ya kompyuta, ni nzuri, kama elfu saba hivi ni wako. Kampeni haikosi usingizi kwa wale elfu tatu.

#6 Mzee wa Kambi
Mkuu unapunguza makali ya mambo. Kampuni ya Cambridge Analytica je? Wale si ndio waliochukua data za Facebook wakampandisha Trump na kuitoa Uingereza Umoja wa Ulaya? Na Kenya walikuwepo, tena mara mbili.

#7 Karani Mstaafu
Nilijua watakuja tu. Tutenganishe wizi na uganga.

Wizi ulikuwepo. Mhadhiri wa Chuo Kikuu cha Cambridge, Aleksandr Kogan, alitengeneza programu ya maswali ya tabia. Walioijibu walikuwa laki mbili na ushee hadi laki tatu hivi, lakini Facebook ya wakati ule iliruhusu programu kuchota pia taarifa za marafiki wa aliyejibu. Facebook wenyewe walikadiria kwamba walioguswa wanaweza kufikia watu milioni 87. Habari ililipuka Machi 2018, kampuni ikafunga Mei. Facebook ikatozwa faini ya pauni 500,000 Uingereza, halafu mwaka 2019 ikakubali kulipa dola bilioni 5 Marekani.

Uganga ndio wenye walakini. Mdhibiti wa taarifa wa Uingereza alipomaliza kupekua kompyuta zao, alieleza mwaka 2020 kwamba mbinu walizotumia zilikuwa zile zile zinazotumika kote kwenye fani, na kwamba hata ndani ya kampuni kulikuwa na watu waliotilia shaka usahihi wa makisio yao. Kuhusu Kenya, mmoja wa mabosi wao alinaswa na kamera ya siri ya Channel 4, runinga ya Uingereza, akijigamba kwamba waliendesha karibu kila kitu kwenye kampeni za Uhuru Kenyatta 2013 na 2017. Huenda walifanya mengi, ila kumbuka alidhani anaongea na mteja. Bidhaa ya kwanza ya muuza data ni sifa zake mwenyewe.

Na jambo lenyewe la marafiki halikuanza nao. Kampeni ya Obama 2012 ilikuwa na programu yake Facebook. Ukiikubali, inalinganisha marafiki zako na daftari la wapiga kura, kisha inakuambia "mtumie huyu ujumbe". Tofauti ni kwamba wao walisema wazi ni kampeni na mtumiaji aliridhia. Marafiki zake lakini hakuna aliyewauliza. Wakati ule iliandikwa kama ubunifu.

#8 Mwalimu Takwimu
Naomba niongezee, maana hapa kuna ushahidi uliopimwa.

Mwaka 2006 jimboni Michigan watafiti Gerber, Green na Larimer walituma barua kabla ya uchaguzi wa awali wa Agosti, ule wa vyama kuchagua wagombea. Kaya zilizogawanywa kwa bahati nasibu zilikuwa 180,000 hivi. Barua kali kuliko zote ilimwonyesha mtu kama alipiga kura chaguzi zilizopita, na majirani zake pia, kwa majina, na ikaahidi kutuma orodha nyingine uchaguzi ukiisha. Wasiopata barua yoyote walijitokeza asilimia 29.7. Waliopata hiyo, asilimia 37.8. Kwa karatasi moja! Kwenye fani hii hiyo ni ngurumo.

Halafu Facebook, siku ya uchaguzi wa bunge Marekani 2010. Watu milioni 61. Kundi kubwa waliona kitufe cha "nimepiga kura" pamoja na sura za marafiki waliokwisha kukibonyeza. Wengine waliona kitufe hicho bila sura. Bila sura, hakuna kilichobadilika. Wenye sura walijitokeza zaidi kwa kiasi kidogo mno, chini ya nusu ya asilimia moja, ila kwa watu wengi namna ile watafiti walikadiria kura 340,000 za ziada, nyingi zikiwa za marafiki wa walioona, sio za walioona wenyewe.

Upande wa kubadilisha mawazo ya mtu? Kalla na Broockman mwaka 2018 walikusanya majaribio 49 ya kampeni Marekani. Kadirio lao bora la athari kwenye uchaguzi mkuu, vyama viwili vinaposhindana: sifuri. Kumshawishi mtu mzima ahame upande kwa kipeperushi au tangazo ni kazi ngumu kuliko kumkumbusha atoke.

Kwa hiyo mleta uzi yuko sahihi. Pesa inakwenda kwenye kutoka.

#9 Bwana Mashaka
Yaani jirani yangu atumiwe barua kwamba mimi sikupiga kura?? Hiyo ingechanwa mbele ya aliyeileta.

#10 Mwalimu Takwimu
Ndiyo sababu wagombea wengi wanaiogopa, watu hukasirika kweli. Wakaja na toleo laini: "Asante kwa kupiga kura mara iliyopita, tunatumaini kukushukuru tena." Ukiisoma haraka ni shukrani. Ukiisoma taratibu ni kwamba wanajua.

#11 Fundi Tovuti
Mmesahau upande wangu, mtandaoni, ambako ndiko orodha zinakozaliwa.

Kwanza majaribio. Mwishoni mwa 2007 ukurasa wa kujiandikisha wa kampeni ya Obama ulijaribiwa kwa michanganyiko 24 ya picha, video na maneno ya kitufe. Wafanyakazi walikuwa na video yao waliyoipenda, wakaapa itashinda. Video zote zikashindwa na picha. Iliyoshinda ni picha ya familia na kitufe cha "jifunze zaidi", ikapandisha waliojiandikisha kutoka asilimia 8.26 hadi 11.6. Tangu hapo ukiniambia "mimi nadhani wapiga kura watapenda rangi hii", nacheka tu. Weka zote mbili, pima, kesho tuongee.

Barua pepe nazo hivyo hivyo. Mwaka 2012 miongoni mwa vichwa vya barua vilivyoleta pesa nyingi kilikuwa neno moja: "Hey". Hapo kuna watu waliosomea fasihi miaka minne, jamani.

Pili, mitego. Kura ya maoni ya Uingereza 2016, upande wa kujitoa ulitangaza shindano: bashiri matokeo ya mechi zote 51 za Euro, ushinde pauni milioni 50. Mechi zote 51 bila kukosea hata moja! Nafasi hiyo ni kama haipo. Ila ili ushiriki unaacha mawasiliano yako, na wapenzi wa mpira wengi ni watu ambao vyama huwa haviwapati kwa njia nyingine. Lile halikuwa shindano, lilikuwa nyavu.

Tatu, orodha ikishapatikana inapakiwa kwenye mtandao wa kijamii. Mtandao unalinganisha namba na akaunti, kisha unaulizwa: nitafutie wengine milioni wanaofanana na hawa. Hapo kampeni haijui majina ya hao milioni. Mtandao ndio unajua. Na lile tangazo "lililosikia mazungumzo yako", mara nyingi ni kwamba ulifungua tovuti ya mgombea wiki iliyopita, pikseli, alama ya siri ya ufuatiliaji kwenye ukurasa, ikakuandika.

#12 Bwana Mashaka
Kumbe chemsha bongo zote nilizojaza "wewe ni kiongozi wa aina gani"... Ngoja ninywe maji.

#13 Binti Swali
Na hizo orodha zikishatumika zinakwenda wapi? Maana uchaguzi unaisha.

#14 Karani Mstaafu
Dada, swali hilo ndilo lilinifanya nifungue uzi.

Hazifi. Chama kinarithi, mgombea wa cheo cha chini anaomba nakala, kampuni ya matangazo inabaki na yake. Na zinavuja. Juni 2017 mtafiti wa usalama alikuta taarifa za wapiga kura wa Marekani karibu milioni 198, zilizoandaliwa na kampuni iliyofanyia kazi chama cha Republican, ziko kwenye seva ya wingu bila hata neno la siri. Pamoja na makisio: huyu anafikiri nini kuhusu silaha, huyu kuhusu utoaji mimba. Mwaka 2016 daftari la Mexico, majina zaidi ya milioni 90, lilikutwa hivyo hivyo. Februari 2020 Israel, programu iliyotumiwa na chama cha Likud iliacha wazi watu karibu milioni 6.5, na siri haikuhitaji mdukuzi: ukifungua msimbo wa ukurasa kwenye kivinjari, maneno ya siri ya wasimamizi yapo pale.

Kwetu mambo yalikuwa ya hali ya chini zaidi. Hatukuwa na seva. Kulikuwa na faili la jedwali lenye watu laki kadhaa, na kila asubuhi toleo jipya lilirushwa kwenye kundi la WhatsApp la makarani. Faili la Jumatatu, la Jumanne, "mwisho", "mwisho kabisa", "mwisho HILI". Madereva walikuwemo kwenye kundi. Mpiga picha alikuwemo. Uchaguzi ulipoisha watu wakaanza kujitoa kundini mmoja mmoja, kila mtu na simu yake na mafaili yake. Hakuna aliyesema futeni. Kilichoulizwa ni posho.

#15 Mzee wa Kambi
Wewe ulifuta?

#16 Karani Mstaafu
Baada ya miezi minane, simu ilipojaa. Sijivunii.

#17 Fundi Tovuti
Heri yenu faili lilifunguka. Siku ya uchaguzi Marekani 2012, kampeni ya Romney, mgombea urais wa Republican, iliwasha mfumo wao wa kufuatilia nani ameshapiga kura, Orca, kwa mara ya kwanza mbele ya wajitoleaji zaidi ya 30,000 waliokuwa vituoni. Ukiandika anwani bila ile herufi "s" ya https, unakuta ukurasa mtupu. Maneno ya siri ya wengine hayakufanya kazi. Baadaye mfumo wenyewe ukazidiwa ukalala. Mfumo haujaribiwi siku ya arusi, wakuu.

#18 Binti Swali
Na akili mnemba? Maana naambiwa sasa kila mpiga kura atapigiwa simu na sauti ya mgombea.

#19 Mwalimu Takwimu
Sauti zipo tayari. Slovakia Septemba 2023, siku mbili kabla ya kura, ilisambazwa sauti ya kughushi ya kiongozi wa chama kana kwamba anapanga kuiba uchaguzi. Januari 2024 wapiga kura wa New Hampshire walipigiwa simu na sauti kama ya Biden ikiwaambia wasiende kupiga kura ya awali. Mshauri aliyepanga alipigwa faini ya dola milioni 6. Pakistan Desemba 2023 ni kinyume chake: Imran Khan, waziri mkuu wa zamani, akiwa gerezani, chama chake kilitengeneza hotuba kwa sauti yake na kikasema wazi ni ya kutengenezwa.

Ila mwangalie mfano wa New Hampshire. Sauti haikusema "mpende fulani". Ilisema usitoke. Tunarudi pale pale.

#20 Mzee wa Kambi
Sheria?

#21 Mwalimu Takwimu
Ulaya wamebana: maoni ya kisiasa ni taarifa nyeti kwenye sheria ya taarifa binafsi iliyoanza kutumika 2018, na kanuni mpya ya matangazo ya siasa ilianza kutumika Oktoba 2025. Google na Meta wakaona kero, wakaacha kupokea matangazo ya siasa huko kabisa. Bado ni mapema kujua atakayefaidika. Ninachokisia mimi: mwenye orodha yake mwenyewe ya barua pepe na namba anapumua, mgombea mpya asiye na orodha anabanwa. Kenya nayo ina sheria ya taarifa binafsi ya 2019, na Juni 2021 watu wengi huko waliangalia mtandaoni wakakuta wameandikishwa vyama ambavyo hawajawahi kujiunga. Sheria ilikuwepo.

#22 Karani Mstaafu
Nimalizie lile la foleni, maana watu wanaruka.

Tulikuwa na kata moja, tuseme kata ya mwisho kwenye ramani. Watu wake hutoka wachache, kwa hiyo alama zao ndogo. Alama ndogo, kwa hiyo hatukuwatuma wagonga milango. Hatukugonga, kwa hiyo hatukuwa na taarifa mpya zao. Hawakusikia kutoka kwetu wala kwa wapinzani, maana wapinzani nao walikuwa na hesabu kama yetu. Wakatoka wachache. Uchaguzi unaofuata, karani mwingine atafungua faili aone wametoka wachache.

Hakuna aliyewachukia. Hakuna kikao kilichokaa kikasema hawa watupwe. Ni safu tu kwenye jedwali imepangwa kutoka kubwa kwenda ndogo, na mafuta ya gari yanaishia mstari wa elfu arobaini. Ukiniuliza data inafanya nini kwenye siasa, nakumbuka ule mstari kabla sijakumbuka Facebook. Tangazo la uongo angalau unaliona, unaweza kulibishia. Mlango ambao haukugongwa, mwenye nyumba hajui kwamba kulikuwa na orodha na yeye hayumo.

Siku moja mama mmoja wa kata ile alipiga simu ofisini mwenyewe, anauliza mbona mgombea hajapita kwao. Nilimtafuta kwenye faili wakati anaongea. Alama ya kutuunga mkono 88, ya kutoka 12. Nikamwambia ratiba bado inapangwa.

#23 Binti Swali
Hapo umeniumiza kaka. Hukumwambia?

#24 Karani Mstaafu
Ningemwambia nini? "Mama, kompyuta inasema hutatoka"? Nilibadilisha 12 yake nikaweka 60 kwa mkono. Kesho yake toleo jipya likaja, imerudi 12.

#25 Bwana Mashaka
Mkuu swali la mwisho, nijibu bila kuzunguka. Wewe mwenyewe ulijitafuta mle?

#26 Karani Mstaafu
Siku ya kwanza. Kila karani anajitafuta siku ya kwanza, asikudanganye mtu. Kutuunga mkono 71. Kutoka 31. Nilichukia kweli, nikasema hii mashine haijui kitu, mimi nafanya kazi ndani ya kampeni inanipa 31?

#27 Bwana Mashaka
Na siku yenyewe ukapiga?

#28 Karani Mstaafu
Sikupiga. Niliingia ofisini saa kumi na moja alfajiri kuwapigia simu wenye alama za katikati tuwakumbushe watoke. Nilipotazama saa, vituo vilikuwa vimeshafungwa.